Seva Mbili, Jina Moja

Wenzangu wa kitengo cha TEHAMA, mliniomba niandike kabla sijasahau, nami nimekaa kuandika. Nimestaafu, nina shamba la alizeti Mwankoko na kuku wasionisikiliza, kwa hiyo muda ninao. Sitaeleza nilipanda cheo lini. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu kiasi kwamba hakikuenea kwenye kibao cha mlangoni, na hakuna aliyewahi kukitumia. Wote mliniita Mama Shabani. Nataka kuandika juu ya chumba cha seva cha hospitali yetu, namna tulivyofundishwa kuziunganisha seva na storeji, na mchana mmoja ambao mpaka leo unanirudia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tochi na brashi ya kupakia rangi. Aliyenipa ni Mzee Mkumbo, mtu wa Iramba, mwembamba, aliyekuwa fundi wa simu kabla hajawa fundi wa kompyuta. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu kwenye bahasha, nikadhani amenichanganya na mtu wa usafi.

"Shikamoo Mzee," nikasema.

"Marahaba. Anza na feni za chini."

Upepo wa Singida mnaujua. Unapitisha vumbi hata kwenye tundu la ufunguo, na chumba chetu kilikuwa na dirisha ambalo mtu fulani aliona vyema kuliziba kwa kipande cha godoro. Nilipiga magoti nikasugua feni za seva wiki nzima bila kuruhusiwa kugusa kibodi. Nilinung'unika moyoni. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimejifunza mlio wa kila mashine, ipi inalia vizuri na ipi inaumwa, na hilo lilinisaidia kuliko mambo mengi niliyosomea. Mzee Mkumbo hakuwahi kuniambia kwamba ndiyo sababu. Pengine feni zilikuwa chafu tu.

Alikuwa na desturi moja ambayo wengi wenu mliirithi bila kujua imetoka wapi. Amri yoyote inayogusa diski ilikuwa lazima isomwe kwa sauti kabla ya kubonyezwa, neno kwa neno, alama kwa alama, na mtu wa pili anasikiliza akiwa ameondoa mikono mezani. Alikuwa ameshaona diski nzima ikifutika kwa sababu ya nafasi moja iliyoachwa pasipotakiwa. Kama uko peke yako, unaenda kumwita mtu, yeyote yule. Mlinzi wetu wa getini alikuwa na subira ya ajabu. Nadhani alisikiliza amri za Linux, mfumo unaoendesha seva zetu, nyingi kuliko mlinzi yeyote mkoani, na mara mbili tatu aliuliza maswali mazuri.

Wakati ule kila seva ilikuwa na diski zake tumboni. Kisha picha za mionzi zikaacha karatasi nyeusi zikaingia kwenye kompyuta, zikawa nyingi, diski zikajaa, na hospitali ikaletewa storeji: kasha moja kubwa lenye diski nyingi, linalokaa peke yake kwenye mtandao. Seva inaazima diski kutoka kwenye kasha hilo kupitia kebo, inaitumia kana kwamba iko ndani yake. Lakini seva ikiwashwa haijui kasha liko wapi wala lina nini. Lazima iende ikaulize.

Mzee Mkumbo alinieleza hivi: "Seva inapiga hodi. Storeji inaitikia, inataja vyumba ilivyo navyo. Halafu inauliza, nani mwenzangu? Seva inataja jina lake. Ni kwa jina hilo storeji inaamua imfungulie chumba gani."

Jina hilo silo jina tunaloiitia mashine sisi. Ni jina jingine, refu, lenye nukta na namba, linaloanza na herufi iqn, na limeandikwa kwenye kijifaili kidogo ambacho mtu anaweza kufanya kazi miaka bila kukifungua. Shikeni hilo, maana habari yote iko hapo.

Siku tuliyopiga hodi kwa mara ya kwanza, hatukuitikiwa. Niliandika amri ya kutafuta storeji, nikabonyeza, seva ikakaa kimya, kisha ikasema haijaona kitu. Tulikagua kebo. Tulikagua ukuta wa moto wa seva, ile programu inayozuia wageni wa mtandao, tukaona mlango umefungwa, tukaufungua, kimya bado. Nilikuwa karibu kulia. Mzee akaniambia nisome tena anwani niliyoandika, safari hii yeye akiwa na karatasi ya storeji mkononi, nikasoma mpaka nikafika kwenye tarakimu iliyokosewa. Nilikuwa napiga hodi nyumba ya jirani. Nilipoisahihisha, orodha ya vyumba ikatokea kwenye skrini, mistari michache mikavu isiyo na maana kwa mtu mwingine, nami nikaruka nikampigia makofi Mzee Mkumbo. Yeye akaniuliza kama feni za juu nimeshazisafisha.

Alistaafu akarudi kwao Kiomboi, nami nikabaki na brashi. Watu walikuja wakaondoka. Kisha akaletwa Elibariki, kijana wa Ilongero, mhandisi, mwenye vidole vyepesi na adabu nyingi. Kila asubuhi aliniamkia akiwa amesimama wima, shikamoo ya mtu aliyeitwa ofisini kwa kosa. Nilimpenda tangu mwanzo, ila sikumwonyesha, kwa sababu mimi mwenyewe sikuonyeshwa.

Sasa nifike kwenye ule mchana.

Ilikuwa wiki ya kambi ya madaktari bingwa. Watu walikuwa wametoka Ikungi, Mkalama, Manyoni, wamejaa kwenye mabenchi mpaka kwenye ngazi. Kwenye benchi la nje ya chumba cha picha alikuwa amekaa Mwalimu Mariamu, anayefundisha shule ya msingi Issuna. Nilimfahamu. Alikuwa na uvimbe mdogo ndani ya kichwa, kwenye neva ya sikio la kulia, ambao ulimfanya asikie mvumo usiokoma na wakati mwingine apepesuke akitembea. Uvimbe wa aina hiyo, walinieleza madaktari, unaweza kukaa miaka bila kukua, na usipokua unaachwa. Ukikua unatolewa, maana unaelekea kwenye ubongo. Kwa hiyo kila kitu kilitegemea kulinganisha: picha za zamani na picha za leo. Za zamani zilipigwa Dodoma, akatuletea kwenye CD, tukazipakia kwenye storeji yetu. CD yenyewe ilikwisha kazi yake pale mtoto wa dada yake alipoifanya gurudumu la kigari. Zilikuwa zimebaki kwetu tu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba Mwalimu. Umewahi."

"Nimetoka na gari la kwanza. Daktari wa kichwa anaondoka leo jioni. Picha zangu za zamani bado mnazo?"

"Zipo, usiwe na shaka," nikamjibu, nikaendelea na safari yangu ya kwenda kutafuta chai.

Siku hiyo hiyo Eli alikuwa anasimika seva mpya. Mtauliza kwa nini wiki ya kambi. Kwa sababu umeme ulikuwa umetulia, na kwa sababu seva hiyo ilikuwa imekaa stoo kwenye boksi lake muda mrefu mno, na kazi yake ilikuwa ndiyo hasa tuliyoihitaji: kutunza nakala ya picha zote, kwenye chumba kingine cha storeji, ili siku ya balaa tuwe na pa kukimbilia. Mpaka siku hiyo picha zilikuwa mahali pamoja tu. Seva mpya haikuwa na mtumiaji hata mmoja. Tuliona haiwezi kumdhuru mtu.

Ili asianze kusimika kila kitu upya, Eli alikuwa amenakili diski ya ndani ya seva ya picha, nzima nzima, akaipandikiza kwenye seva mpya. Ni njia halali, na ya haraka. Akabadilisha jina la mashine. Akabadilisha anwani yake ya mtandao. Kila alichobadilisha alikisoma kwa sauti, nami nilisikiliza mikono ikiwa mapajani, kama desturi ilivyotaka. Alisoma vizuri. Nilisikiliza vizuri. Kile kijifaili cha jina la storeji hakikusomwa, kwa sababu hakikuguswa. Kisha nikatoka, naye akachomeka kebo ya mtandao, akawasha.

Simu kutoka chumba cha picha ilinipata watu wakiwa wanarudi kutoka kula.

"Mama Shabani, picha zinakuja nusu. Nyingine zinagoma kabisa."

Nilirudi mbio nikakaa kwenye seva ya picha, nikafungua orodha ya makosa yake. Mistari ilikuwa inashuka haraka kuliko macho yangu, na yote ilidai jambo lile lile: kilichopo kwenye diski sicho ninachokikumbuka. Halafu, nikiwa natazama, seva ikajifunga. Iliacha kuandika, ikabaki inasoma tu. Linux hufanya hivyo ikiona diski yake haieleweki tena. Nilikwenda kwenye storeji nikainama. Taa zote za kijani, feni zinalia vizuri. Storeji ilikuwa nzima, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli, maana ningejua la kufanya na diski iliyokufa.

"Eli, umewasha nini?"

"Seva mpya tu, Mama. Imewaka vizuri." Alikuwa anatabasamu. "Tena storeji imeiona yenyewe, sijaiambia kitu. Diski imetokea hiyo hapo."

"Diski ipi?"

Alitazama skrini yake. Tabasamu likaondoka.

"Nisomee jina lako la storeji," nikamwambia. "Taratibu."

Alikifungua kijifaili, nami nikafungua cha seva ya picha nikaweka kidole kwenye skrini. Mwanzo wa majina hayo hufanana kwa kila seva, kwa hiyo sikustuka alipoanza. Kinachotofautiana ni mkia. Alifika kwenye mkia. Herufi ya kwanza ikafanana na yangu. Nikajipa moyo kwamba ni bahati. Namba iliyofuata ikafanana. Kidole changu kilienda sambamba na sauti yake mpaka mwisho, na hapakuwa na mahali tulipoachana.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Kwa sababu umenisomea la kwangu."

Mbele ya storeji, seva zile mbili zilikuwa mtu mmoja. Seva mpya ilikuwa imewaka na tabia zote za seva ya picha, ikapiga hodi yenyewe kama ilivyozoeshwa, ikataja jina, ikafunguliwa chumba cha picha zetu zote, ikaingia na kuanza kufanya kazi humo. Seva hizi kila moja huweka kichwani sura ya diski na kuamini kwamba hakuna mwingine anayeandika. Wapishi wawili wakikoroga chungu kimoja, kila mmoja akiwa na hakika kwamba yuko peke yake jikoni, ndiyo hali tuliyokuwa nayo, na ndani ya chungu kulikuwa na vichwa, vifua na mifupa ya mkoa mzima.

"Naizima!" Eli alisema, vidole vikashuka kwenye kibodi.

"Usizime! Toa mkono!"

Sijawahi kupiga kelele kwenye chumba kile, kabla wala baada. Eli aliruka nyuma. Nilikuwa nimeona kitu ambacho hofu ilimzuia kukiona: seva ukiizima kwa adabu, kabla haijalala inamwaga kwenye diski kila ilichokuwa imekishika kichwani. Na seva hii kichwa chake kilikuwa na sura ya uongo. Ingetuaga vizuri, na katika kuaga ingefunika kilichobaki.

"Kebo ya mtandao. Ing'oe."

"Mama, si wewe ndiye uliyenikataza kung'oa kebo seva ikiwa inaandika?"

"Nilikukataza. Leo ing'oe."

Alizunguka nyuma ya kabati. Kebo zetu zote ni za bluu, kwa sababu duka la mjini lilikuwa na roli la bluu tu mwaka tulipozifunga. Akichomoa ya seva ya picha badala ya ile, tungekata njia yetu pekee ya kuzifikia picha. Nilimsikia anapumua. Alianza kunong'ona kwa Kinyaturu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu kazini, nami nikamjibu kwa lugha yetu hiyo hiyo kwamba atulie, aanzie kwenye mashine yenyewe, aifuate kebo kwa mkono bila kuiachia. Akaifuata.

"Nimeishika."

"Sema ni ya nani."

"Ya seva mpya. Imetoka seva mpya, nimeichomeka mimi leo."

"Ng'oa."

Mlio mdogo ukasikika, na taa moja ikazimika. Nilikaa chini sakafuni, mtu mzima na ushungi wangu, kwenye vumbi nililolisafisha ujana wangu wote.

Nilifunga huduma ya picha, nikaiondoa diski kwenye matumizi, kisha nikaitisha ukaguzi wa kutazama tu, usiorekebisha kitu. Makosa yalijaa skrini, yakapanda, yakaendelea. Tulikuwa bado tunayatazama mlango ulipogongwa akaingia daktari bingwa, mtu mpole mwenye mkoba wa safari begani.

"Mama, nimeambiwa ninyi ndio wenye picha. Nina mgonjwa mmoja amebaki, Mwalimu Mariamu. Nimeshaona picha ya leo. Peke yake hainiambii kitu, nahitaji ya zamani."

Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaonyesha skrini.

"Hiyo programu si inaweza kurekebisha? Iruhusu."

"Inaweza, Daktari. Lakini haijui mgonjwa, inajua mpangilio. Isichokielewa inakitupa, na ikishakitupa hatuna pa kukiokota. Nataka kwanza tunakili diski nzima kama ilivyo, pamoja na majeraha yake, ndipo tuanze kutibu."

"Mtamaliza lini?"

"Kesho."

"Mimi jioni nakwenda Dodoma, na kutoka hapo Dar es Salaam."

"Najua."

"Basi itabidi aje kambi ya mwakani, ikipangwa." Hakusema kwa ukali. "Mwaka mzima, Mama, kwa uvimbe ule ni mrefu kama unakua. Na kama haukui, nikimpeleka kupasuliwa bure nitakuwa nimemharibia sikio zima. Siwezi kubahatisha."

Hapo nilikuwa na wagonjwa wa mkoa upande mmoja na mwanamke mmoja niliyemwambia asiwe na shaka upande wa pili. Ningeruhusu ukarabati, pengine picha zake zingetoka, pengine zingetupwa pamoja na za wengine. Ningekataa, basi nimekataa kwa niaba yake naye yuko nje anasubiri kuitwa. Nilikuwa na hasira na Eli, na daktari kwa kuwa na gari linalomngoja, na kasha lile la chuma lililokuwa linawaka taa zake za kijani bila hili wala lile. Nilitamani Mzee Mkumbo angekuwepo, hata kama ni kunikaripia tu. Nikasema hapana, hatutarekebisha.

Ndipo Eli akasema, akiwa bado amesimama ukutani, "Mama. Tusirekebishe, na tusingoje nakala. Tuifungue diski kwa kusoma tu, tuikataze hata kumalizia kazi iliyokatika. Tusiandike herufi moja. Tuingie, tumtafute Mwalimu peke yake, tutoke."

Wazo lilikuwa lake na lilikuwa sahihi. Nilikuwa naijua njia hiyo, lakini siku hiyo haikunijia.

"Kaa," nikamwambia. "Soma."

Alisoma amri. Nilifumba macho ili nisikie vizuri. Kwenye maneno ya kusoma tu alirudia mara mbili bila kuambiwa, na kwenye jina la diski akasimama akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali. Akabonyeza.

Diski ikafunguka. Majalada yakajitokeza, mengine yakiwa na majina yaliyovurugika. Tulitafuta namba ya Mwalimu. Ya mwaka huu ilikuwepo. Ya mwaka uliopita ilikuwepo kwa jina, ndani tupu. Ya zamani zaidi, ile ya CD, ilikuwa na vipande vyake vingi. Maana picha ya kichwa haiji moja, inakuja kama mkate uliokatwa, kipande baada ya kipande kutoka utosini hadi shingoni. Eli akaanza kuvihamishia kwenye kompyuta yake, kimoja kimoja. Kingine kilipita, kingine kikakataa. Daktari aliweka mkoba chini, akavuta kiti cha plastiki akakaa katikati yetu.

"Fungua hicho."

Kikafunguka.

"Juu mno. Twende chini."

"Hiki hakifunguki, Daktari."

"Kinachofuata."

"Hakifunguki."

"Hiki nacho?"

"Nusu tu."

"Hiyo nusu siyo. Shuka."

Tulishuka. Yakaja macho, meupe na ya duara, na daktari akasema tumekaribia, ni hapo hapo usawa wa masikio. Kipande kilichofuata kikagoma. Kilichofuata kikagoma. Nje nilisikia gari likiwashwa na mtu akiulizia daktari yuko wapi. Jasho la Eli lilidondoka kwenye kibodi akalifuta kwa mkono wa shati. Akahamisha kingine, akabofya, skrini ikawa nyeusi, ikakaa nyeusi, kisha sura ya kichwa cha Mwalimu Mariamu ikajichora kutoka juu hadi chini bila doa.

"Simama hapo," daktari akasema.

Aliweka picha ya leo pembeni yake. Akavuta mstari kwenye ya zamani, akavuta mstari kwenye ya leo. Akarudia. Mimi nilikuwa nimeshashika bega la Eli kwa furaha, nikimfinya, nikisubiri daktari atushukuru.

"Umekua," akasema. "Umekua sana."

Nikaliachia lile bega. Muda wote ule nilikuwa nimehangaikia picha ifunguke, na sikuwa nimefikiria hata mara moja picha yenyewe itasema nini. Niliona haya kwa furaha yangu. Daktari alitupa mkono mmoja mmoja, akachukua mkoba, akaenda kwenye benchi.

Mambo ya mashine yalikwisha hivi. Tulinakili diski nzima kwenye kile chumba kitupu kilichokuwa kimeandaliwa kwa seva mpya, ikachukua mpaka kesho yake. Tulirekebisha nakala, hatukugusa asili, mpaka tulipohakikisha. Picha nyingi zilirudi. Baadhi hazikurudi, na tuliwapigia wenyewe simu waje wapigwe upya, wengine wakatutukana, na walikuwa na haki. Eli aliipa seva mpya jina lake yenyewe kabla haijaona kebo tena. Nanyi mnaofanya kazi humo sasa, mkinakili seva, kifutieni kile kijifaili jina la zamani kabla ya kuchomeka chochote. Na ile desturi ya Mzee Mkumbo tuliiongezea kipande: ukishasoma ulichobadilisha, unasoma na ambacho hujakibadilisha. Inachosha. Someni hivyo hivyo.

Jioni ile nilipotoka, Mwalimu Mariamu alikuwa bado amekaa pale pale, barua ya rufaa ya Dar es Salaam mapajani. Mabenchi mengine yalikuwa matupu na mfagizi alishaanza kazi. Nikakaa upande wake.

"Pole Mwalimu."

"Nimeshapoa, Mama." Alikuwa hajapoa. "Daktari ameniambia mlivyohangaika na ile picha. Nawashukuru."

"Ni kazi yetu."

Aliikunja barua, akaikunjua.

"Ingekuwa haikufunguka, angeniambiaje?"

"Angekwambia usubiri. Urudi mwakani."

"Basi saa hizi ningekuwa kwenye gari la Issuna, nimefurahi."

Hakusema kwa kulaumu, alikuwa anahesabu tu moyoni mwake. Nilimshika mkono tukakaa hivyo mpaka mfagizi akatuomba tuinue miguu.

Uvimbe waliutoa, na sikio la kulia likaenda nao. Aliporudi alipewa darasa lake lile lile la tatu. Mwezi niliostaafu nilipita Issuna nikamkuta anafundisha hesabu, nikasimama dirishani nisimkatize. Mtoto mmoja aliyekuwa amekaa upande wa kulia alikuwa na swali. Hakunyoosha mkono wala hakuita. Aliinuka, akazunguka nyuma ya mgongo wa Mwalimu, akasimama kushoto kwake, ndipo akaliuliza.